Gari ya spoti msimu wa mvua Uganda: uiendeshe au uifungie? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali naulizwa kila mwezi wa tatu na kila mwezi wa tisa, mvua zikianza tu. Mtu anapiga simu, mwingine anatuma meseji, mwingine ananikuta pale pa kuoshea magari ananiuliza huku sabuni bado iko kwenye bodi. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Naongelea gari za chini, Impreza WRX, Legacy ya turbo, Evo, Altezza, Celica, RX-8, Roadster, MR-S, Fairlady Z, Toyota 86 na ndugu zao. Kama unaendesha Prado, mengi hapa hayakuhusu.

Uganda hatuna winta, sasa hii habari ya kufungia gari imetoka wapi?

Imetoka kwa wenzetu wa nchi za baridi. Kule Ulaya, Kanada, Japani ya kaskazini, mtu mwenye gari ya spoti ikifika mwezi wa kumi na moja anaiingiza ndani, anaifunika, anaiacha mpaka mwezi wa nne. Ana sababu mbili kubwa. Ya kwanza, barabara zinamwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi inakula bati vibaya sana. Ya pili, tairi za spoti zimetengenezwa kwa joto, zikishuka chini ya nyuzi 7 hivi mpira unakuwa mgumu kama plastiki na haushiki tena.

Sisi hatuna hata moja kati ya hizo. Theluji yetu yote iko juu Rwenzori, kule kilele cha Margherita mita 5,109, na hakuna barabara ya kufika. Asubuhi ya Kabale ni baridi kweli lakini hakuna mtu anamwaga chumvi barabarani. Tulicho nacho sisi ni mvua, Kampala na kusini kwa jumla zinakuja mara mbili, mwezi wa tatu mpaka wa tano, afu mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja na saa zingine zinavuta hadi Disemba. Ndugu wa Arua, Gulu na Lira nyinyi mna msimu mmoja mrefu, kutoka kama mwezi wa nne mpaka wa kumi hivi, kwa hiyo mkisoma hapa miezi badilisheni.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukisema utaifungia gari kila msimu wa mvua, umeifungia nusu ya mwaka.

Sawa, jibu fupi: niendeshe au nifungie?

Endesha. Mvua haiharibu gari kama watu wanavyofikiri. Vinavyoharibu ni maji yaliyosimama barabarani, tairi mbovu, na gari kukaa pahali pamoja miezi bila kutembea. Nimeona gari nyingi zimekufa zikiwa zimefunikwa vizuri kabisa kwenye kompaundi, mwenyewe anasema "niliitunza", kumbe panya wamekula waya, betri imekufa, klachi imeshikana, na viti vina ukungu wa kijani.

Fungia kama unasafiri nje zaidi ya mwezi, au kama barabara ya kutoka kwako mpaka kwenye lami haipitiki, au kama huna pesa ya tairi nzuri msimu huu. Hizo sababu tatu nazikubali. Ile ya "sitaki ichafuke" siikubali.

Lakini si maji yanaleta kutu?

Maji ya mvua peke yake kwenye gari iliyopakwa rangi vizuri hayana nguvu hiyo. Kutu inaanzia pale matope yamejikusanya na hayakauki: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango, kwenye ile mikunjo ya bati nyuma ya bampa. Huu udongo wetu mwekundu ukishajaa pale unakaa na unyevu wiki nzima kama sponji. Kwa hiyo ukienda kuosha, usikubali waoshe juu tu gari ing'ae halafu ulipe. Mwambie kijana apige maji chini, ndani ya matao yote manne, na chini ya milango. Mimi nasimama pale mpaka naona maji yanayotoka chini ni meupe. Mara moja kwa wiki msimu wa mvua inatosha, ukipita kwenye matope mazito osha siku hiyohiyo.

Kuna vitundu vidogo chini ya milango vya kutoa maji. Vichokonoe na kijiti. Mlango ukisikia unacheza maji ndani ukiufungua, ujue vimeziba.

Na ile kutu ya rangi ya chungwa kwenye diski za breki asubuhi baada ya mvua, usiogope, ni ya juujuu tu, breki mbili tatu na imeisha.

Gari yangu imetoka Japani na nimesikia ilitembea kwenye theluji. Ni shida?

Inaweza kuwa shida kubwa kuliko mvua zote za Kampala. Gari nyingi tunazopanda hapa zimezeeka Japani kwanza, na Japani ina sehemu kama Hokkaido na pwani ya magharibi ambapo theluji inaanguka sana na barabara zinamwagiwa chumvi kila mwaka. Gari ya pale juu inang'aa, ndani ni safi, kilomita kidogo, chini bati limeliwa.

Kabla ya kununua omba karatasi ya mnada ile ya Kijapani, na umtafute mtu anayeweza kuisoma. Kwenye ule mchoro wa gari herufi S ni kutu, herufi C ni kutu iliyokwisha kula bati. Ukiona C nyingi, achana nayo hata bei ikiwa tamu. Kama gari iko tayari Kampala kwenye bondi, yaani yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa, ipandishe juu, chukua tochi, angalia zile sehemu ambazo shokabsoba za nyuma zinashikia bodi, paipu za breki, na boriti za pembeni chini ya milango. Ogopa gari iliyopakwa rangi nyeusi mpya nzito chini kote. Saa zingine ni kinga ya kweli, saa zingine ni sanda ya kufunika kutu, wewe gonga na bisibisi usikie sauti.

Kutu ya chumvi ikishaanza haisimami kwa sababu gari imefika nchi ya joto. Inaendelea, na unyevu wetu unaisaidia. Kwa hiyo gari kama hiyo ndiyo nasema isafishwe kutu, ipakwe kinga mpya, kabla ya mvua ya kwanza.

Ilikuja na tairi zenye meno mengi madogo, imeandikwa STUDLESS. Si ndizo nzuri kwa utelezi?

Hapana ndugu yangu, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Hizo ni tairi za theluji. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu kwenye baridi kali. Ukiuleta kwenye lami ya nyuzi 28 unakuwa kama mandazi, gari inayumba kwenye kona, mpira unaisha haraka, na kwenye lami yenye maji breki inakuwa ndefu kuliko tairi ya kawaida. Zinauzwa sana hapa kama tairi za mtumba kwa sababu Wajapani wanazitupa zikiwa bado na meno marefu, mtu anaona meno anafikiri amepata mali. Angalia ubavuni, kama kuna neno STUDLESS au kale kamchoro ka theluji, zitoe.

Basi niweke tairi gani?

Tairi ya kawaida ya spoti yenye mifereji mizuri ya maji. Sio zile karibu hazina mifereji, za mbio za siku ya jua, hizo weka pembeni mpaka mwezi wa sita. Na angalia mambo mawili.

La kwanza kina cha mfereji. Ndani ya mifereji kuna vijiti vidogo vya mpira, tairi ikiisha mpaka ikalingana navyo imebaki milimita 1.6, hapo imekwisha kabisa. Lakini kwa mvua usingoje hapo, ikifika milimita 3 anza kutafuta nyingine, kwa sababu chini ya hapo haiwezi tena kusukuma maji pembeni na gari inaanza kuelea juu ya maji.

La pili umri. Ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa zile herufi za DOT, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka kumi hata ikiwa na meno mapya mpira wake umeshakuwa mgumu. Mtumba ununuliwe na macho yote mawili.

Na gari ikianza kuelea, yaani usukani unakuwa mwepesi ghafla kama hauna kitu, toa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ulivyo, usikanyage breki kwa nguvu. Itashuka yenyewe.

Mimi nina Subaru, inavuta magurudumu yote manne. Si niko salama?

Kuondoka uko vizuri. Kusimama uko sawasawa na mtu wa Vitz. Kuvuta magurudumu manne kunasaidia kuongeza mwendo, hakusaidii breki hata kidogo, na ndio maana naona Subaru nyingi kwenye mitaro, manake mwenyewe alikuwa na ujasiri ambao tairi hazikuwa nao.

Kwa wenye gari za kusukumwa nyuma, Altezza, Z, 86, Roadster, mvua ya kwanza baada ya jua la muda mrefu ndiyo mbaya kuliko zote. Dizeli ya malori na vumbi vinachanganyika na maji barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Nusu saa ya kwanza, kama unaweza, kunywa chai ngoja.

Maji ya kina gani naweza kupita?

Kwa gari ya chini jibu langu ni hili: kama huoni lami chini, usiingie. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo gari nyingi za Kampala zinafia.

Gari kama 86 iko kama santimita 13 tu kutoka chini, na nyingi tumezishusha zaidi ya hapo. Maji yakifika kwenye bampa hayakai pale, unayasukuma mbele yako, yanapanda. Injini inavuta hewa kwa nguvu na kama mdomo wa kuvutia hewa uko chini, inavuta maji. Sasa hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Pistoni inapanda ikikuta maji juu inasimama kama imegonga ukuta, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaobeba pistoni. Inachukua sekunde moja. Hakuna taa inawaka kukuonya.

Mimi iliwahi kunitokea. Nilikuwa nimehamisha filta nikaishusha chini nyuma ya bampa ili ipate hewa ya baridi, kweli gari ilikuwa inavuta vizuri sana siku za jua. Jioni moja mvua imenyesha, niko Bwaise, maji yalikuwa hayajafika hata katikati ya rimu, nikasema nitapita polepole. Nilikuwa napita vizuri. Lori likaja upande wa pili likiwa na haraka, likanitumia wimbi lote kwenye bampa, injini ikazima kwa mshindo mmoja mkavu. Na kosa kubwa nililifanya baada ya hapo, niligeuza ufunguo tena, mara mbili. Fundi alipofungua, konrodi mbili zimepinda, na moja naamini ilipinda pale nilipojaribu kuwasha. Miezi minne gari ilikaa juu ya mawe nikitafuta injini. Filta sasa imerudi kwenye boksi lake la kiwandani, na huko ndiko itakaa.

Kwa hiyo Bwaise, pale Clock Tower, kando ya mtaro wa Nakivubo, karibu na Lubigi, mvua kubwa ikipiga usiende kujaribu bahati. Mwezi wa tatu 2025 maji ya Kampala yaliua watu, sio gari tu. Tafuta stesheni ya mafuta iliyo juu, paki, subiri. Maji ya Kampala mengi yanashuka ndani ya saa moja mbili.

Imeshazimia kwenye maji. Nifanye nini?

Usiwashe. Hata mara moja. Hata kama bodaboda wote wamekuzunguka wanakwambia jaribu. Sukumeni mpaka pakavu, toa waya wa betri ule wa hasi, ita gari ya kuvuta. Fundi afungue boksi la filta, kama filta imelowa basi plagi zote zitolewe, injini izungushwe kwa mkono maji yatoke. Afu achomoe kijiti cha oili, ikionekana kama chai ya maziwa, oili imeingia maji, mwaga yote weka mpya, endesha kidogo, mwaga tena.

Kama maji yalifika kwenye viti, kapeti zote zitoke siku hiyo. Boksi nyingi za kompyuta na waya ziko chini ya kapeti, na harufu ile ikishaingia haitoki.

Kutoka kwangu mpaka lami ni kilomita mbili za udongo. Nifanyeje?

Huyu ndiye mtu wangu wa kufungia, au tuseme kuhamisha. Udongo wa Kampala ukilowa unateleza kuliko sabuni na gari ya chini inakwama kwenye mgongo wa katikati, tumbo linakaa juu magurudumu yananing'inia. Kinga ya chini ya injini ikishang'oka, jiwe linalofuata linapasua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini.

Watu wengi wanafanya hivi: gari inakaa kwa rafiki au ndugu mwenye geti kwenye lami, wewe unakuja na boda unachukua gari unaenda. Mpe huyo mwenyeji heshima yake, usimwachie gari bila funguo halafu siku ya dharura ashindwe kuisogeza.

Gari yangu ni ya kufunguka juu. Itavuja?

Itavuja siku mifereji yake ikiziba. Roadster na MR-S zina vipaipu vinavyotoa maji pembeni ya paa kuyashusha chini, na majani ya mwembe yanaviziba upesi sana. Mimina maji kidogo na chupa uone kama yanatoka chini. Kama hayatoki, piga hewa ya taratibu au pitisha waya laini wa plastiki, usitumie waya wa chuma utatoboa.

Nimeamua kufunga, nasafiri miezi mitatu. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kuosha, chini na juu, na baada ya hapo iendeshe kama nusu saa ikauke kabisa. Ukifunika gari yenye maji umeifungia maji ndani. Badilisha oili kabla ya kuondoka na sio ukirudi, manake oili iliyotumika ina asidi na unyevu na itakaa imegusana na vyuma vya ndani miezi yote hiyo. Jaza tenki la mafuta mpaka juu, tenki lenye hewa nyingi linatengeneza maji. Petroli ya miezi mitatu bado iko sawa, ikifika sita ndio inaanza kunuka vibaya.

Tairi ziongeze presha kidogo, PSI 40 hivi kama tairi yenyewe inaruhusu, soma ubavuni. Gari ikikaa pahali pamoja tairi zinapata ubapa, unasikia zinagonga ukianza kuendesha. Hendibreki usiivute, pedi zinashikana na diski. Weka gia ya kwanza na vigingi vya mbao mbele na nyuma ya gurudumu.

Betri: toa waya wa hasi, au nunua ile chaja ndogo inayochaji polepole na kujizima yenyewe, kama umeme wako ni wa kuaminika. Kumbuka treka (kile kifaa cha kufuatilia gari ilipo) na alamu zinakula betri usiku na mchana, ndio maana gari inakaa wiki tatu inakufa. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6, ikishuka 12.4 ichaji, ikifika 12.0 karibu imekwisha na ukiiacha hivyo inaharibika moja kwa moja.

Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki kwenye unyevu wetu linapika gari, hasa nyinyi wa Entebbe na Jinja mlio karibu na maji. Ndani weka beseni la makaa makavu, yanavuta unyevu, na yabadilishwe kila wiki mbili. Viti vya ngozi vipanguswe kwanza, jasho na mafuta ya mikono ndio chakula cha ukungu.

Nimemwachia askari ufunguo awe anaiwasha dakika tano kila asubuhi. Ni sawa?

Si sawa, na najua karibu kila mtu anafanya hivi. Dakika tano injini haijapata moto. Maji yanajitengeneza kwenye ekzosi na kwenye oili na hayapati muda wa kukauka, na betri imetoa umeme mwingi kuwasha kuliko ulioingia. Baada ya mwezi umeiharibu kwa upendo. Bora isiwashwe kabisa, au kama kuna mtu unayemwamini aiendeshe nusu saa nzima mara moja kila wiki mbili, mpaka kila kitu kimechemka, klachi imefanya kazi, breki zimejisafisha.

Wenye RX-8 nyinyi hasa. Ile injini ya kuzunguka ukiiwasha ikiwa baridi, ukaisogeza mita tano, ukazima, inajaa petroli ndani na haiwaki tena mpaka fundi aikaushe. Kama umeiwasha, iache ipate moto kwanza.

Na panya?

Panya wanapenda injini kwa sababu ni kavu na nje kuna mvua. Usiache chakula ndani ya gari, hata maganda ya karanga, na usipaki karibu na stoo ya mahindi. Fungua boneti kila wiki. Ukiona nyasi au pamba ya kava imetafunwa, wako hapo. Mitego iwekwe kando ya magurudumu. Sumu siipendi, panya anaenda kufia ndani ya boksi la hewa na utanuka naye mwaka.

Nipaki wapi nje?

Sio chini ya mfenesi. Nimeona fenesi moja limeanguka juu ya boneti baada ya upepo, boneti ikawa kama beseni. Parachichi na embe pia, upepo wa mvua unaangusha. Na miti mikubwa ya katikati ya Kampala ina kalooli, kinyesi cha wale ndege kina asidi, kikikaa siku moja ya jua rangi inabaki na doa ambalo poli haitoi. Kikianguka kilowanishe na maji kwanza, usikisugue kikavu.

Paki pahali palipoinuka, pua ikiangalia kwenye geti. Maji yakija usiku unatoka bila kugeuza.

Nikifungia napunguza gharama za bima na kodi?

Kodi hapana. Wenzetu Ulaya wanaokoa pesa kwa kutoa gari barabarani, sisi leseni ya barabara ya kila mwaka hatuna, tunalipia kwenye mafuta. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima gari ikiwa barabarani. Kama una bima kubwa, ile inayolipia hata gari yako mwenyewe, isome kabla ya msimu utafute neno mafuriko, kama halipo uliza, na upate jibu kwa maandishi.

Nina safari ya mbali na mvua ziko. Niende na gari hii?

Jinja ni kilomita 80 tu lakini ndani ya msitu wa Mabira lami inabaki na maji na majani chini ya miti, na kule Lugazi trela za miwa zinaacha udongo barabarani. Toka asubuhi, usirudi nayo usiku. Masaka fuatilia habari kabla ya kutoka, Mei 2023 mto Katonga ulikata barabara na watu wakazungushwa mpaka Gomba na Sembabule, njia ambayo gari ya chini haikuwa ya kwenda. Kapchorwa na Kabale kuna ukungu na kona, mimi huko msimu wa mvua naenda na basi.

Kwa kufurahia gari kidogo, ile barabara ya kulipia ya Entebbe kwangu ndiyo bora, ina mifereji ya maji inayofanya kazi na hakuna mashimo, shilingi 5,000 na unapita. Mwendo ulioandikwa ni 100, kwenye mvua nzito mimi niko 70 na taa zimewaka.

Gari ni ya zamani, kwa nini nijisumbue hivi?

Kwa sababu ikifa hii hupati nyingine. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari iliyopita miaka 15 tangu itengenezwe. Impreza GC8 za miaka ya tisini, Altezza, Celica ya mwisho, MR-S, zile zilizoko Uganda ndizo hizohizo, hazitaongezeka. Kila moja inayokufa kwenye mtaro au kuozea nyuma ya nyumba imepungua moja. Mimi naumia sana nikiiona GC8 imesimama kwenye nyasi Nakawa, kuku wanalala ndani. Ingeendeshwa ingekuwa hai.

Nimerudi baada ya miezi mitatu. Niwashe tu?

Angalia chini kwanza kama kuna kilichovuja. Boneti, panya, kiwango cha oili na maji ya radieta. Presha ya tairi irudi ilivyokuwa. Rudisha waya wa betri, geuza ufunguo mpaka nusu usubiri pampu ya mafuta ijaze, ndio uwashe. Usivute injini mpaka ipate moto. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa bado ndani ya geti, klachi kama haiachii usilazimishe, ita fundi. Kilomita kumi za kwanza polepole huku unasikiliza.

Nina pesa ya kitu kimoja tu msimu huu: kava, chaja ya betri, au tairi?

Tairi.